Hatua kwa Hatua: Mbinu za Kitarakimu za Kutatua Milinganyo Tofautishi kwa Mifano ya Kibera na Kawangware

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa aghalabu kuhimiza subira na uwekaji wa akiba, lakini ndani yake mna kanuni ya hisabati ambayo wataalamu wameitegemea kwa zaidi ya miaka 250. Kanuni yenyewe ni kwamba mtu asiyeweza kuijua hali ya kesho kwa mkupuo mmoja anaweza kuifikia kwa hatua ndogo ndogo, mradi ajue alipoanzia na ajue kasi ya mabadiliko katika kila hatua.

Makala haya yanaieleza kanuni hiyo kwa mifano ya Kibera na Kawangware, mitaa miwili ya jiji la Nairobi. Mitaa hii imeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, maisha ya humo yamefungamana na mambo yanayobadilika saa kwa saa: maji yanayopungua tangini, foleni inayorefuka, maradhi yanayoenea kutoka chumba hadi chumba. Pili, maamuzi mazito yanayowahusu wakazi wake, hasa nyakati za maradhi, hutegemea makadirio yanayotokana na hesabu za aina hii. Hoja kuu ya makala ni kwamba mbinu za kitarakimu ni aminifu kwa kile zinachopewa, wala si zaidi ya hapo. Kianzio kikikosewa, au kasi ikikosewa, au hatua ikirefushwa kupita kiasi, jibu hupotoka hata pale ambapo kila kujumlisha na kila kuzidisha kumefanywa kwa usahihi.

Maana ya mlinganyo tofautishi

Mlinganyo ambao mwanafunzi huuzoea shuleni huuliza namba. Ikiwa namba fulani ikijumlishwa na 5 hutoa 12, namba hiyo ni 7, na kazi imekwisha. Mlinganyo tofautishi hauulizi namba moja. Huuliza mwenendo mzima wa kitu katika muda. Aidha, haukielezi kitu chenyewe moja kwa moja, bali hueleza kasi ya mabadiliko yake, na kasi hiyo nayo hutegemea hali ya kitu kwa wakati huo. Mlinganyo huo huitwa wa kawaida iwapo mabadiliko yanayoelezwa hufuata kigezo kimoja tu, ambacho mara nyingi ni muda.

Mfano mzuri ni tangi la maji. Katika Kibera, wakazi wengi hununua maji kwa mtungi wa lita 20 kwenye vioski vyenye matangi makubwa ya plastiki. Anayefika tangi likiwa limejaa hujaziwa mtungi haraka. Anayefika maji yakiwa yamepungua husubiri kwa muda mrefu zaidi, japo mfereji umefunguliwa vilevile. Sababu yake ilielezwa mwaka 1644 na Mwitalia Evangelista Torricelli: kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu hulingana na kipeuo cha pili cha kina cha maji yaliyo juu ya tundu hilo. Kina kikipungua hadi robo, kasi hupungua hadi nusu.

Hapa pana duara la ajabu. Kasi ya kupungua kwa maji hutegemea kina, na kina hutegemea jinsi maji yalivyokuwa yakipungua. Huwezi kujua kimoja bila kingine. Duara hilo ndilo linalouzaa mlinganyo tofautishi.

Ili hesabu iwe wazi, chukulia tangi la mfano lenye lita 10,000, ambalo kina chake cha maji ni sentimita 225, na ambalo mfereji wake umeachwa wazi mfululizo. Chukulia pia kwamba kasi ya kushuka kwa maji, katika sentimita kwa saa, ni mara mbili ya kipeuo cha pili cha kina. Kipeuo cha pili cha 225 ni 15. Basi mwanzoni maji hushuka kwa sentimita 30 kwa saa. Kwa kuwa kila sentimita moja ya tangi hili ni takriban lita 44, mtungi wa kwanza hujaa kwa muda wa sekunde 54 hivi. Maji yakishuka hadi robo ya kina cha awali, mtungi huohuo huhitaji sekunde 108.

Swali la mwenye kioski ni rahisi: baada ya saa 6 patakuwa na maji kiasi gani, na baada ya saa 12 je?

Mbinu ya Euler

Mtaalamu Mswisi Leonhard Euler alieleza mwaka 1768, katika kitabu chake kuhusu kalkulasi, njia inayoweza kufuatwa na yeyote anayejua kuzidisha na kutoa. Njia hiyo husema hivi: tazama hali ya sasa, kokotoa kasi ya sasa, jifanye kana kwamba kasi hiyo haitabadilika kwa muda mfupi ujao, songa mbele, kisha anza upya kutoka pale ulipofika. Kwa tangi, kanuni ni hii:

kina kipya = kina cha sasa − (kasi ya sasa × urefu wa hatua)

Iwapo kila hatua ina urefu wa saa 3, hesabu huenda hivi. Mwanzoni kina ni 225 na kasi ni 30. Saa 3 kwa kasi ya 30 ni sentimita 90. Kwa hiyo kina kipya ni 135. Kipeuo cha pili cha 135 ni takriban 11.62, na kasi sasa ni 23.24, saa 3 nyingine huondoa sentimita 69.7, na kinachobaki baada ya saa 6 ni 65.3. Hatua ya tatu hukifikisha kina 16.8. Hatua ya nne, yaani baada ya saa 12, hutoa jibu la kushangaza: kina ni −7.8. Tangi limekauka, kisha likaendelea kukauka.

Bahati njema, mlinganyo huu wa tangi ni mmojawapo wa michache ambayo ina fomula kamili, na kwa hiyo jibu linaweza kupimwa. Fomula husema kwamba baada ya saa zozote, kina ni mraba wa 15 ukitoa idadi ya saa hizo. Baada ya saa 6, kina ni mraba wa 9, yaani sentimita 81. Baada ya saa 12, ni mraba wa 3, yaani sentimita 9. Sentimita 9 za tangi hili ni lita 400, ambazo ni mitungi 20 kamili. Mwenye kioski aliyeiamini hesabu ya hatua ndefu angewarudisha wateja ishirini na mitungi mitupu ilhali maji yao yamo tangini.

Kosa na chanzo chake

Kosa hilo halikutokana na kuzidisha vibaya. Lilitokana na kudhani kwamba kasi ya mwanzo wa hatua itadumu hadi mwisho wa hatua. Ni sawa na abiria wa matatu anayekadiria saa ya kufika Kawangware kwa kutazama mwendo wa gari linapoondoka katikati ya jiji, bila kuuzingatia msongamano ulio mbele. Kadiri anavyokaa bila kutazama tena, ndivyo makadirio yake yanavyoachana na ukweli.

Dawa ya kwanza ni kufupisha hatua. Hatua zikiwa za saa moja moja, mbinu ya Euler hutoa sentimita 76.2 baada ya saa 6 badala ya 65.3, na baada ya saa 12 hutoa 4.0 badala ya kina hasi. Kosa la baada ya saa 6 limeshuka kutoka sentimita 15.7 hadi 4.8, yaani hadi karibu theluthi moja, na hatua nazo zilifupishwa hadi theluthi moja. Uwiano huu si wa bahati nasibu. Kwa mbinu ya Euler, kosa hupungua kwa takriban kiwango kilekile cha kufupishwa kwa hatua. Anayetaka kosa lipungue mara kumi hana budi kufanya hesabu mara kumi.

Gharama hiyo ndiyo iliyowasukuma wataalamu kutafuta dawa ya pili. Mwaka 1895 Mjerumani Carl Runge alionyesha kwamba ni afadhali kuitumia akili ndani ya hatua kuliko kuongeza hatua. Mwaka 1900 Karl Heun aliliendeleza wazo hilo, na mwaka 1901 Wilhelm Kutta akalipa umbo linalotumika hadi leo. Wazo la Heun linaweza kuelezwa kwa maneno machache: piga hatua ya majaribio kwa kasi ya sasa; tazama kasi itakuwaje utakapofika; kisha rudi nyuma, upige hatua ya kweli kwa wastani wa kasi hizo mbili. Mbinu ya Runge na Kutta hufanya vivyo hivyo kwa kuichunguza kasi mara nne katika kila hatua: mara moja mwanzoni, mara mbili katikati na mara moja mwishoni, huku kasi za katikati zikipewa uzito maradufu.

Matokeo ya tangi baada ya saa 6 yanaweza kulinganishwa kama ifuatavyo:

Euler, hatua za saa 3: sentimita 65.3
Euler, hatua za saa 1: sentimita 76.2
Heun, hatua za saa 3: sentimita 83.4
Runge na Kutta, hatua za saa 3: sentimita 81.02
Kina halisi: sentimita 81

Msomaji ataona kwamba Heun aliikokotoa kasi mara nne tu, ilhali Euler wa saa moja moja aliikokotoa mara sita, na bado Heun amekaribia zaidi. Mbinu ya Runge na Kutta, kwa hatua mbili tu, imekosea kwa kiasi kisichofika lita moja ya maji. Hii ndiyo sababu programu nyingi za kompyuta zinazotatua milinganyo ya aina hii zimejengwa juu ya mbinu hiyo au ndugu zake.

Pasipokuwa na fomula

Katika mfano wa tangi, mbinu za kitarakimu zilikuwa mazoezi tu, kwa kuwa fomula ilikuwapo. Umuhimu wake hasa hudhihirika pale ambapo fomula rahisi haipatikani, na maradhi ya kuambukiza ni miongoni mwa mambo hayo.

Mwaka 1927 Waskoti William Kermack na Anderson McKendrick walitoa milinganyo inayoigawa jamii katika makundi matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaougua na kuambukiza wengine, na waliokwisha kutoka katika hatari hiyo kwa kupona au kufa. Kasi ya maambukizi mapya hutegemea mikutano kati ya kundi la kwanza na la pili. Kundi la pili likikua, maambukizi huongezeka. Kundi la kwanza likipungua, maambukizi hupungua. Kila kundi hulivuta jingine, na hakuna fomula rahisi inayotaja idadi ya wagonjwa kwa kila siku. Njia iliyobaki ni kutembea hatua kwa hatua.

Chukulia kijiji cha mfano chenye watu 10,000, wagonjwa wakiwa 10. Kila mgonjwa, mwanzoni, huambukiza watu 4 kwa kila siku 10, na kila siku moja sehemu ya tano ya wagonjwa hupona. Kwa hatua ya siku moja, siku ya kwanza huleta wagonjwa wapya 4 na kuwaponya 2. Jumla ni 12. Siku ya pili huleta karibu 5 na kuwaponya 2 na ushei. Jumla inakaribia 14. Hesabu ikiendelea hivyo, siku ya kumi hufikia wagonjwa 61. Lakini hatua moja ndefu ya siku kumi ingetoa jibu la wagonjwa 30 tu. Mbinu ya Runge na Kutta, kwa hatua za siku moja, hutoa karibu 72, na jibu hilo halibadiliki kwa kiasi cha maana hatua zikifupishwa zaidi.

Namba 30 na namba 72 hazitofautiani kwa hesabu pekee. Afisa wa afya anayesubiri wagonjwa 30 huandaa vitanda vya wagonjwa 30. Na mambo huharibika zaidi mlipuko unapofika kileleni. Iwapo wagonjwa ni 1,500 na wasioambukizwa ni 5,000, maambukizi mapya huwa 300 kwa siku. Anayepiga hatua ya siku 20 atawaondoa watu 6,000 katika kundi la watu 5,000, na kubaki na watu hasi 1,000. Kama vile tangi lilivyokauka kupita ukavu, kijiji nacho hupoteza watu ambao hakikuwa nao.

Jamii moja au mbili?

Hatua ikiisha kurekebishwa, hubaki swali la kasi. Je, watu wote wa jiji hukutana kwa kiwango kimoja?

Kawangware imepakana na Lavington, mtaa wenye nyumba za nafasi na nyua za miti. Katika Kawangware, familia nzima aghalabu huishi katika chumba kimoja, na choo na mfereji hutumiwa na majirani wengi. Kila asubuhi wapo wanaovuka kwa miguu kwenda kufanya kazi za nyumbani, za ulinzi na za ujenzi katika mitaa jirani, na jioni hurudi. Mlinganyo unaoyachanganya makazi haya mawili na kutumia kasi ya wastani hautaielezea Kawangware wala Lavington.

Tatizo hili lilijitokeza waziwazi wakati wa janga la Korona. Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, na tarehe 6 Aprili ikatangazwa marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi. Mwenye mshahara wa mwezi na mtandao wa intaneti aliweza kufanyia kazi nyumbani. Kibarua wa Kibera, ambaye ujira wa leo ndio chakula cha leo, hakuweza kukaa ndani kwa muda mrefu.

Watafiti wa mpango wa KEMRI-Wellcome Trust, wenye makao yake Kilifi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Warwick cha Uingereza, walilizingatia jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Science. Badala ya jamii moja, milinganyo yao iliwagawa watu katika makundi mawili kwa mujibu wa hali ya kiuchumi, kila kundi na kasi yake ya kukutana. Mgawanyo huo ulieleza mawimbi mawili ya kwanza ya maradhi nchini Kenya: tabaka la chini, ambalo halikuweza kupunguza mikutano kwa muda mrefu, liliambukizwa zaidi katika wimbi la kwanza, na tabaka la juu likafuata katika wimbi la pili. Wimbi la tatu, la mwaka 2021, lilielezwa kwa kuingia kwa aina mpya za virusi zenye kuambukiza kwa urahisi zaidi.

Hapa ndipo hisabati inapogusa maisha. Katika kijiji cha mfano kilichotajwa, iwapo hakuna kinachobadilika, takriban watu 8,000 kati ya 10,000 huambukizwa hadi mlipuko unapokwisha. Mikutano ikipunguzwa kwa robo tu, idadi hiyo hushuka hadi takriban 5,800. Watu zaidi ya 2,000 huepushwa na maambukizi. Lakini robo hiyo haiji kwa amri pekee. Anayeombwa kuipunguza mikutano yake ni mtu mwenye foleni ya maji na kibarua cha kutafuta. Asipopata maji karibu na chakula nyumbani, namba iliyo katika mlinganyo haitapungua kwa sababu imetangazwa redioni.

Suala la kianzio

Hatua ikiwa fupi na kasi ikiwa sahihi, bado hesabu yapaswa kuanzia mahali fulani. Katika kijiji cha mfano, idadi ya wagonjwa mwanzoni huongezeka maradufu kwa kila siku tatu na nusu. Iwapo wagonjwa wa kwanza walikuwa 40 na si 10, mlipuko wote umesogea mbele kwa takriban siku saba. Juma zima la maandalizi limepotea kwa sababu ya kuhesabu vibaya siku ya kwanza.

Nairobi ina ushahidi wa jambo hili. Uchunguzi wa damu uliofanywa katika nyumba za wakazi wa jiji mnamo Novemba 2020 ulionyesha kwamba takriban theluthi moja ya waliopimwa walikuwa na dalili ya kuwahi kuambukizwa virusi vya Korona. Kwa sensa ya mwaka 2019, Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073. Theluthi yake inakaribia watu milioni moja na nusu. Idadi rasmi ya waliothibitishwa kuambukizwa katika Kenya nzima haikufika 100,000 kufikia mwisho wa mwaka 2020. Milinganyo iliyoanzia kwenye idadi rasmi pekee ilianzia mbali sana na ukweli.

Si idadi ya wagonjwa tu inayohitaji kuhesabiwa vema, bali hata idadi ya watu wenyewe. Kibera, ambayo jina lake hutokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, ilitajwa kwa miaka mingi katika magazeti na ripoti kuwa na watu kati ya laki kadhaa na milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 185,777 katika kaunti ndogo yote ya Kibra. Katika milinganyo ya Kermack na McKendrick, asilimia 80 ya watu 170,070 ni karibu watu 136,000. Asilimia 80 ya watu milioni moja ni watu 800,000. Asilimia ni ileile, na mbinu ni ileile. Lakini anayeagiza chanjo, dawa na matangi ya maji haagizi asilimia, huagiza idadi.

Ndiyo maana kazi ya kukusanya takwimu haipaswi kudharauliwa na wapenzi wa hesabu. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, KEMRI na wabia wake wa Marekani waliendesha uchunguzi wa maradhi ya kuambukiza katika vijiji vya Gatwekera na Soweto vya Kibera, huku wahojaji wakizuru nyumba baada ya nyumba kuuliza nani ana homa, nani anakohoa, nani anaharisha. Namba zinazoingizwa katika milinganyo huanzia mlangoni pa nyumba, kwa swali lililoulizwa kwa lugha inayoeleweka na kujibiwa kwa ukweli.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mbinu za kitarakimu si fumbo la wachache. Euler hudai kuzidisha na kutoa. Heun huongeza wastani. Runge na Kutta huongeza uangalifu. Lahajedwali ya kompyuta, au hata karatasi na kalamu, hutosha kwa mifano yote iliyotolewa hapa. Aidha, istilahi zinazohitajika kwa sehemu kubwa ni maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo: kianzio, hatua, kasi, wastani, kosa. Mkazi wa Kibera au Kawangware anayejua kwa nini mtungi wa jioni hujaa polepole kuliko wa asubuhi amekwisha kuelewa nusu ya mlinganyo tofautishi, hata kama hajausikia ukitajwa.

Kutokana na hayo, anayesomewa makadirio yanayohusu mtaa wake, yawe ya maji au ya maradhi, ana haki ya kuuliza maswali matatu. Je, hesabu ilianzia idadi gani, na nani aliyehesabu? Je, kasi iliyotumika ni ya mtaa huu, au ni wastani wa jiji zima? Na je, hatua zilikuwa fupi kiasi gani, na jibu lilibadilika zilipofupishwa zaidi? Mtaalamu aliyeifanya kazi yake kwa uadilifu hatatatizwa na maswali hayo, kwa kuwa alianza kwa kujiuliza yeye mwenyewe.

Inapendekezwa basi kwamba wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa hisabati katika vyuo vikuu washirikiane kuandaa maelezo mafupi ya makadirio ya aina hii kwa lugha inayozungumzwa vioskini na katika matatu. Wakati wa janga la Korona, neno kafyu liliufikia kila mlango wa Kibera na Kawangware. Hesabu zilizotumiwa kupima faida ya kafyu hiyo nazo zilistahili kufika huko, kwa kuwa wakazi hao ndio waliokuwa namba ndani yake.